Mlinzi wa kwenye sinema haamki hivyo

Stelingi ananyata nyuma ya mlinzi, anampiga kitako cha bunduki kisogoni, mlinzi analala kama mtoto aliyeshiba. Nusu saa baadaye anaamka, anajipapasa shingo, anachukua silaha na kuendelea na lindo. Kibanda umiza kizima kinashangilia. Hakuna uongo wa sinema unaoniudhi kuliko huu, kwa sababu unafundisha kwamba kumzimisha mtu ni njia ya kumwonea huruma.

Ubongo unaelea kwenye maji ndani ya fuvu. Konde la kidevu linazungusha kichwa ghafla, ubongo unachelewa kufuata, unavutika na kugonga mfupa. Aliyezimia kwa konde kwa kawaida huzinduka baada ya sekunde chache, amechanganyikiwa, hajui yuko wapi. Akipitisha dakika kadhaa bila kuamka, hiyo ni dharura. Nusu saa ni jeraha kubwa la ubongo.

Na kabla ya hapo kuna kuanguka. Aliyezimia hatangulizi mikono, hivyo kisogo kinapokea uzito wote kwenye lami au ukingo wa mtaro. Ngumi moja inapoua mtaani, mara nyingi kilichoua ni ardhi. Ulingoni kuna sponji chini ya turubai, refa anayehesabu mpaka 10, na daktari pembeni, na bado mabondia wanakufa. Baada ya kifo cha Mkorea Duk Koo Kim mwaka 1982, mapambano ya ubingwa wa dunia yalipunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12.

Mkono nao hauponi. Mfupa wa paji la uso una nguvu kuliko vijifupa vya kiganja, na anayerusha ngumi ya kuzungusha huishia kuvunja mfupa unaobeba kidole kidogo. Mike Tyson, akiwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alivunjika mkono wa kulia mwaka 1988 kwa kupigana na bondia mwenzake Mitch Green mtaani Harlem, New York. Ulingoni mkono huo hufungwa bandeji, kisha ukavishwa glavu ya aunsi 10. Ngumi ikitua kwenye meno, kikato kidogo juu ya kifundo cha kidole kinaweza kupeleka uchafu wa mdomo hadi ndani ya kiungo. Siku moja au mbili baadaye mkono umevimba usaha. Kikato hicho kioshwe hospitali mapema, usikifunge na kukisahau.

Nakubali, waigizaji wa mapigano ni mafundi. Kamera inawekwa pembe ambayo ngumi inayopita mbali na uso inaonekana imetua, mpigwaji anageuza kichwa kwa wakati, kishindo kinaongezwa studio. Wengi huumia wakifanya kazi hiyo. Ila ufundi wao haumsaidii kijana aliyelala barabarani.

Huyo asimwagiwe maji wala kusimamishwa kwa nguvu. Kama anapumua, mlazeni ubavu, kichwa na shingo vikisogea pamoja na mwili. Akiamka akasema yuko sawa, msimwache alale peke yake: damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu kwa saa kadhaa huku anaongea vizuri. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kumuuma, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, au akitokwa maji masikioni, tafuteni gari wakati huo huo. PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, mtu mwingine aifuate polisi mgonjwa akiwa njiani.