Redio koli si tundu la dashibodi

Fundi wa kwanza kunifungia redio koli, ile ya kuzungumza gari kwa gari, aliniuliza swali moja tu: "Bosi, unataka ikae wapi?" Nikamwonyesha pale chini ya kiyoyozi. Akatoa msumeno mdogo, na kabla kahawa yangu haijapoa dashibodi ilishapata tundu la mraba. Kazi safi, nakiri. Nilitoka pale Ngamiani najiona dereva wa msafara wa waziri.

Redio hiyo niliinunua kwa ajili ya machungwa. Msimu ukichanganya, gari moja liko Muheza, jingine limepanda njia ya Amani, na kule milimani simu inashika kona hii, kona ya pili imepotea. Sasa redio nayo ikawa waja leo waondoka leo, kama Tanga yenyewe: nawasikia wenzangu vizuri, nikibonyeza kujibu inazima.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Chumbageni asiyependa maneno, hakuitazama dashibodi. Aligusisha mita kwenye waya wa redio: volti 12 na ushee. "Bonyeza, mwanangu." Nikabonyeza. Mita ikaporomoka hadi 9, redio ikazima.

"Umeiona? Wameinywesha kwa mrija wa soda."

Umeme ulikuwa umeibwa kwenye ule waya mwembamba wa redio ya muziki. Redio koli ya wati 50 ikisikiliza haili kitu. Ikirusha sauti inavuta ampea 10 na kuzidi. Inataka waya zake nene zitoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi ikae jirani na betri, siyo kule nyuma ya redio. Waya ukichunika njiani ukagusa bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hapo unaunguza gari.

Halafu antena. Yangu ilifungwa kwenye bampa, eti inapendeza. Mzee akaihamishia katikati ya paa. Kwenye masafa ya megahezi 150 wimbi lina urefu wa mita 2, na antena ya robo wimbi ni sentimita 50, kijiti tu. Nusu ya pili ya antena ni bati la paa lenyewe, lazima viguse. Ndiyo maana alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akakaza, kisha akapaka grisi, maana chumvi ya bahari yetu haibishi hodi. Mimi sasa wati 10 zenye antena juu ya paa nazichagua mbele ya wati 50 zenye antena kwenye bampa. Muuzaji atakusifia wati. Wewe muulize antena.

Leseni ya masafa inatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na hiyo ishughulikie kabla hujanunua chochote. Wala usidanganywe kwamba kuna redio ya gari inayopenya milima ya Usambara. Ukiwa nyuma ya kilima, ni kimya; subiri ufike juu mgongoni ndipo uite.

Redio yangu uso wake unachomoka, kwa hiyo kiwiliwili kiko chini ya kiti cha abiria, mbali na jua la kioo cha mbele, na kile kiuso kimeshikwa kwa skrubu mbili. Lile tundu la mraba bado lipo. Humo naweka risiti za ushuru na kashata.