Tiba ya muziki kwa wahudumu wa afya: dakika ishirini za nani?

Machi 2020, mwezi ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 34 za China. Kati ya wahudumu wa afya 1,257 walioulizwa, asilimia 44.6 walikuwa na dalili za wasiwasi na asilimia 34 walikuwa wanakosa usingizi. Hao ndio waliotegemewa kuwatuliza wagonjwa.

Miongoni mwa njia zilizojaribiwa kuwasaidia ni tiba ya muziki. Wapo wanaoipigia debe kwamba ni nafuu ya bei rahisi isiyo na madhara. Wapo wanaoona ni dharau kumpelekea nyimbo mtu anayeomba barakoa. Pande zote mbili zina hoja, ila uzito wake haulingani.

Tuanze na jaribio la hospitali ya chuo kikuu cha Bari, Italia, wakati wa wimbi la kwanza. Wahudumu 34 waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa UVIKO walipewa kwa wiki 5 muziki wa dakika 15 hadi 20 uliopangwa katika makundi matatu: wa kusaidia kupumua, wa kutia nguvu na wa kuleta utulivu. Hapakuwa na kukutana ana kwa ana; wataalamu wa tiba ya muziki waliwafuatilia wakiwa mbali. Uchovu, huzuni, hofu na wasiwasi vilipungua.

Kinachonivutia hapo ni ule mgawanyo wa makundi matatu. Muuguzi anayejiandaa kuvaa mavazi ya kujikinga hahitaji kitu kilekile anachohitaji akishayavua, alama za barakoa zikiwa bado zimechora mashavu yake. Muziki wa mapigo ya taratibu huvuta pumzi iende nao, na pumzi ikitulia mapigo ya moyo hushuka. Huo ni utulivu mzuri baada ya zamu. Kabla ya zamu, huenda mtu akahitaji kuamshwa. Kujua tofauti hiyo na kumuuliza msikilizaji mwenyewe ndiyo kazi ya mtaalamu. Kumtumia kila mtu orodha moja ya nyimbo kwenye simu hakustahili kuitwa tiba.

Faida nyingine haisemwi vya kutosha: muziki haumlazimishi mtu kujieleza. Wauguzi na madaktari wengi huogopa kwenda kwa mshauri nasaha wasije wakaonekana dhaifu au kazi imewashinda. Kuvaa hedifoni hakuhitaji kukiri lolote mbele ya mtu.

Lakini watu 34 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hatuwezi kujua kama nafuu ililetwa na muziki, na kule kujaliwa na mtu, au na mazoea ya kazi. Ni kweli kwamba uchambuzi mmoja wa mwaka 2020, uliokusanya majaribio 104 yenye washiriki zaidi ya 9,000, ulionyesha muziki hupunguza msongo wa mawazo. Hata hivyo, hayo yalikuwa mazingira ya kila namna, na anayesubiri upasuaji hayuko katika hali ya anayerudi kesho kwenye wodi ileile.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani haihusu takwimu za majaribio. WHO ilikadiria kwamba wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walifariki kwa UVIKO-19 kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021. Kwa hiyo hofu yao ilikuwa na sababu. Kumtuliza mtu aliye hatarini huku hatari ikiachwa palepale ni kumnyamazisha. Hapa nakubaliana na wapinzani bila kusita: barakoa, mavazi ya kujikinga na watu wa kutosha kwenye zamu vije kwanza, na uongozi usiruhusiwe kuuhesabu muziki kama fidia ya vitu hivyo.

Tena sikio lenyewe huchoka. Aliyeshinda kati ya ving'ora vya mashine za kupumulia na vya vipimo vya oksijeni huenda akatamani ukimya tu. Wimbo nao unaweza kufufua kumbukumbu ya mgonjwa aliyefariki. Mtu awe huru kukataa bila kuulizwa kwa nini, na majaribio yajayo yawe na kundi linalopewa dakika zilezile za kupumzika bila muziki wowote.

Kwa maoni yangu, huduma hii inafaa, kwa sharti kwamba dakika zake zitolewe na mwajiri. Zikikatwa kwenye mapumziko ya chakula au kwenye usingizi wa mtu nyumbani, zinamwongezea jukumu. Hospitali inayotaka kuianzisha ifungue kwanza ratiba ya zamu na kuandika jina la atakayeshika wagonjwa wakati mwenzake ameketi kusikiliza.