Destroya za Hunt: kosa la hesabu limefunika mengi

Zikitajwa destroya (manowari ndogo za kasi) za Uingereza za daraja la Hunt, watu huanza na aibu ya HMS Atherstone. Mapema mwaka 1940, ilipokuwa inakamilishwa Birkenhead, ilifanyiwa jaribio la mlalo: vyuma vya uzito unaojulikana husogezwa kutoka ubavu mmoja wa sitaha hadi mwingine, na timazi huonyesha chombo kimelala kiasi gani. Atherstone ililala kupita kiasi. Wasanifu walikuwa wamekosea hesabu ya kitovu cha uzito, nacho kikawa juu mno kwa manowari ya tani 1,000 iliyobebeshwa mizinga sita ya inchi 4.

Tiba ilikuwa ya haraka na ya kuumiza. Jozi moja ya mizinga iling'olewa, dohani na majengo ya juu yakapunguzwa kimo, na tani 50 za farumi, yaani uzito wa kutuliza meli, zikalazwa chini. Wakosoaji huishia hapo, ilhali sehemu ya maana zaidi ndiyo inayofuata. Katika kundi la pili la Hunt upana uliongezwa kutoka futi 29 hadi futi 31 na nusu, na mizinga sita ikarudi yote. Futi mbili na nusu zinaonekana kidogo, lakini katika hesabu ya uimara upana huingia mara tatu: upana mara upana mara upana. Ongezeko la asilimia 8 na nusu hivi la upana huleta takriban asilimia 28 katika kipimo kinachoisimamisha meli inapokwenda mrama. Kosa la hesabu lilisahihishwa kwa hesabu, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimeshaanza, na jumla ya Hunt ikafika 86.

Mizinga hiyo yenyewe haizungumzwi vya kutosha. Destroya nyingi za Uingereza za wakati ule zilikuwa na mizinga ya inchi 4.7 iliyoinuka nyuzi 40 tu. Zilifaa kupigana na meli nyingine, lakini ndege ya kuporomosha mabomu ikija kutoka juu, mzinga ulibaki unatazama upeo wa macho. Mzinga wa inchi 4 wa Hunt uliinuka nyuzi 80. Kombora lake lilikuwa dogo, la ratili 35, lakini lilifika mahali ndege ilipo, na wahudumu waliweza kulipakia kwa kasi. Katika Mediterania, ambako meli nyingi zilizamishwa kutoka angani, tofauti hiyo ya nyuzi 40 ilikuwa na uzito kuliko ile sehemu saba za kumi za inchi kwenye mdomo wa mzinga.

Agosti 1942, meli ya mafuta Ohio ilipokuwa ikielekea Malta na zaidi ya tani 10,000 za shehena, injini zimekufa na sitaha inakaribia kulamba maji, destroya tatu ziliishikilia: Penn, pamoja na Hunt mbili, Ledbury na Bramham. Kwa saa nyingi zilijifunga ubavuni mwake, zikaivuta, zikaielekeza kama usukani, huku zikiendelea kupiga ndege. Tarehe 15 iliingia bandarini. Kazi hiyo haikuhitaji mwendo wa noti 36 (maili za baharini kwa saa) wala topido, yaani mabomu yanayokwenda chini ya maji. Ilihitaji chombo kifupi, chepesi kugeuka, chenye mizinga inayotazama juu.

Wanaozikosoa wana hoja moja nzito, nayo ni mafuta. Kundi la pili lilibeba tani zipatazo 280 tu. Kwenye karatasi zilitosha maili 3,600 kwa noti 14, lakini msindikizaji haendi noti 14 siku zote: hurudi nyuma, hukimbilia pembeni, hufukuza mwangwi wa nyambizi. Na hapa ile hesabu ya namba kujizidisha mara tatu inageuka adui, safari hii kwa mwendo. Kutoka noti 12 hadi 24, nguvu inayotakiwa huongezeka karibu mara nane. Ndiyo maana Hunt hazikuwa za kuvuka Atlantiki. Mapezi ya kutuliza mrama yaliyowekwa kwenye meli za mwanzo nayo hayakupendwa. Yalikula nafasi, na baadaye nafasi hiyo ikapewa tangi la mafuta, uamuzi ambao ulipaswa kufanyika siku ya kwanza.

Topido ni hoja ya pili, ingawa mimi naiona nyepesi. Makundi mawili ya mwanzo hayakuwa nazo kabisa, la tatu lilipewa mirija miwili tu. Usiku wa tarehe 23 Oktoba 1943, karibu na pwani ya Brittany, boti za topido za Kijerumani ziliizamisha kruza ya Uingereza, Charybdis, na kuipiga Hunt moja, Limbourne, ambayo nayo ilipotea. Lakini kikosi kile kilikuwa na destroya za kawaida pia, nazo hazikubadili matokeo.

Siku moja kabla ya hapo, karibu na kisiwa cha Kalymnos, Hunt ya Wagiriki iitwayo Adrias iligonga bomu la majini na omo yake, yaani sehemu ya mbele, ikakatika yote. Hunt nyingine, Hurworth, ilikuja kusaidia, ikagonga jingine na kuzama. Adrias ilijikokota hadi pwani ya Uturuki, ikazibwa kwa muda, kisha ikaanza safari bila omo. Tarehe 6 Desemba 1943 iliingia Alexandria kwa injini zake yenyewe.