Pesa za pinde ziende kwanza kwenye tuta

Kila pakizungumzwa habari ya kuanzishia vijana wa mtaa mchezo wa kulenga shabaha kwa upinde, kikao huishia kwenye bei ya pinde. Zitatoka wapi, nani ataleta, ngapi zitatosha. Naona hapo watu wameanzia mkiani. Pesa za kwanza ziende kwenye tuta la mchanga la kuzuia mishale nyuma ya shabaha, na mistari inayoonekana, na kabla ya pesa zenyewe wapatikane watu wazima wawili wenye filimbi ambao hawatachoka kuja kila wiki. Pinde ndizo za mwisho.

Mzazi wa Kisauni au Likoni hapa Mombasa akisikia mwanawe anafundishwa kurusha mishale, hushtuka, na ana haki. Mitaa yetu imeumizwa na vijana wa visu na mapanga. Mzazi huyo msimpe hotuba ya nidhamu. Mwiteni alasiri moja akae nyuma ya mstari asikilize filimbi. Ikilia mara mbili, walengaji wanasogea na kuukanyagia mstari, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, mishale ikiwa bado podoni, yaani kwenye mfuko wake. Ikilia mara moja, wanapachika na kulenga. Mara tatu, zamu imekwisha, pinde zinawekwa na watu wanaenda kuchukua mishale kwa kutembea, hakuna kukimbia. Mara tano au zaidi ni hatari: hata aliyekwisha vuta anarudisha taratibu bila kuachia, na mshale unarudi podoni. Wanaosubiri zamu wako nyuma ya mstari wa pili, mita 5 kutoka ule wa kwanza. Ishara hizi ndizo zinazotumika mashindanoni duniani kote, kwa hiyo mtoto aliyezizoea Tononoka hatapotea akienda kwingine. Na huko kwingine Mkenya amefika: Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ni mlenga shabaha wa upinde.

Tuta lipite kimo cha shabaha na lienee pande zote mbili. Ukuta wa shule unafaa ikiwa hauna mlango, dirisha wala kichochoro, lakini mshale ukigonga jiwe hurudi, kwa hiyo mbele yake panga mifuko ya mchanga. Wavu wa kuvulia samaki msiutegemee, hata ukikunjwa mara mbili. Mshale ni mwembamba na hupenya matundu. Walengaji watazame kusini au kaskazini, jua la alasiri lisiwapige machoni.

Shabaha yenyewe inatengenezwa kwa mitumba iliyochakaa kutoka soko la Kongowea. Chukua gunia gumu, lijaze vitambaa, ukishindilia kwa mti kila tabaka. Kabla ya hapo ng'oa vifungo na zipu vyote, maana ncha ikigonga chuma mshale hupinda. Gunia lililojazwa kwa uvivu huonekana zuri wiki ya kwanza, halafu katikati panabonyea, na siku moja mshale unatokea upande wa pili. Lipapase katikati kabla ya kila zoezi. Likae juu ya fremu iliyofungwa kwenye vigingi, kwa sababu upepo wa kusi ukiliangusha kifudifudi, mishale yote iliyomo huvunjika. Masika yakiingia, lifunike turubai.

Sasa pinde. Mtoto wa miaka 10 hadi 12 aanze na upinde ambao nguvu ya kuuvuta ni ratili (pauni) 10 hadi 14. Waata, wawindaji wa bara ya Pwani, walivuta pinde za zaidi ya ratili 100, na wazee hupenda kulikumbusha hilo, lakini hao walikua nazo. Mpe mtoto upinde, avute hadi kidevuni, hesabu polepole hadi kumi. Bega la mkono unaoshika upinde likipanda kuelekea sikioni au mkono ukitetemeka, upinde ni mzito. Akilazimishwa ataachia kabla hajalenga, na tabia hiyo ikishaota ni kazi ya miezi kuing'oa.

Mshale mfupi ndio unaonitia hofu kuliko yote. Mtoto akivuta kupita kiasi, ncha huanguka kutoka kwenye kiegemeo, pale mshale unapolala juu ya upinde, na kukaa nyuma ya ngumi. Akiachia, mshale unaingia mkononi mwake mwenyewe. Akiwa amevuta kikamilifu, mshale ubaki umetokeza angalau sentimita 5 mbele ya upinde. Watoto hurefuka, kwa hiyo mpimeni kila miezi mitatu. Wanunulieni ya alumini, kwani ya kaboni ikipasuka hutoa vibanzi. Na upote, yaani kamba ya upinde, usiachiwe kamwe bila mshale: nguvu iliyokusudiwa mshale hurudi kwenye upinde na kuupasua.

Wasichana wetu wengi watakuja na buibui au mtandio, na hilo halizuii lolote. Ncha za mtandio zibanwe kwa pini chini ya kidevu, na mkono mpana wa nguo ufungwe kwa bendeji ya kunyumbuka kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, usije ukanaswa na upote. Juu yake avae kinga ya mkono ya ngozi ngumu. Kiwiko cha mkono unaoshika upinde kikiangalia chini ndicho kinachochapwa. Akikizungusha kidogo kitazame nje, maumivu yanakwisha.

Anzeni mita 5, shabaha kubwa, wakipiga mishale mitatu mitatu. Kuichomoa ni mtu mmoja mmoja: kiganja kimoja kikandamize gunia, kingine kishike mshale karibu na ncha, uvutwe moja kwa moja, na nyuma yake pasiwe na mtu, kwa sababu mkia wa mshale ukitoka kwa ghafla hupiga jicho. Pinde sita zinatosha vijana 12 kwa zamu, na mbili kati yake ziwe za wanaotumia mkono wa kushoto. Zoezi likiisha legezeni upote, upakeni nta ya nyuki, na ncha za chuma zifuteni kwa kitambaa chenye mafuta siku hiyohiyo. Chumvi ya bahari haingoji wiki ijayo.