Fildi ya Usalama wa Taifa: nani atavuka upekuzi?

Mwezi wa saba ukifika, wanafunzi wa vyuo waliorudi Kigoma kwa likizo ndefu huzunguka mjini na bahasha za kaki mkononi wakiomba nafasi za fildi: halmashauri, bandarini, mamlaka ya maji, hospitali, benki. Katika mzunguko huo hakuna anayepeleka barua Idara ya Usalama wa Taifa, na hata angetaka kupeleka asingejua aikabidhi dirisha gani. Ajira za huko huzungumzwa kwa kunong'ona: fulani alichukuliwa, fulani aliitwa akiwa mwaka wa pili, hatujui anafanya kazi wapi ila ana gari. Kwa hiyo swali la iwapo idara ya ujasusi itangaze mafunzo ya likizo kwa wanafunzi, tena yenye malipo, linastahili kupimwa kwa utulivu, hasa kwa kuwa nchi nyingine zimekwisha kulijibu.

Nchini Marekani, CIA, shirika la ujasusi lililoanzishwa mwaka 1947 na lenye makao makuu Langley katika jimbo la Virginia, hutangaza waziwazi mafunzo ya kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na mwanafunzi hulipwa mshahara. Mwombaji lazima awe raia, aombe miezi mingi kabla, apimwe afya, ahojiwe akiwa amefungwa mashine ya kupima uongo, na historia yake ichimbuliwe, yaani afanyiwe upekuzi; zaidi ya hayo hushauriwa asimtangazie mtu kwamba ameomba. NSA, shirika linalonasa mawasiliano, lina mpango ulioanza mwaka 1986 na ambao leo una jina la mbunge Louis Stokes: mwanafunzi hulipiwa ada, hupewa mshahara, hufanya kazi hapo kila kiangazi, na akihitimu hudaiwa utumishi wa muda unaofikia mara moja na nusu ya ule aliosomeshwa. Ni deni linalolipwa kwa jasho badala ya makato ya Bodi ya Mikopo.

Uingereza ilichelewa kufunguka, na kuchelewa kwake kuna funzo kwetu. Kwa miongo mingi MI6, shirika lake la ujasusi wa nje, ilijaza nafasi zake kwa kujuana, kijana wa familia inayofahamika akivutwa pembeni na mtu anayemfahamu baba yake. Kim Philby aliingia katika mazingira hayo mwaka 1940. Baba yake alikuwa amelitumikia dola la Uingereza, shule alizosoma zilikuwa za watu wa tabaka lao, na hayo yakatosha kumfanya aonekane mwenzao, ilhali alikuwa akiwafanyia kazi Wasovieti tangu miaka ya 1930. Alitorokea Moscow mwaka 1963. Tangazo la wazi la kazi za MI6 lilikuja kuonekana gazetini mwaka 2006. Hapa kwetu kujuana hutetewa kwa hoja kwamba aliyeletwa na mtu wa kuaminika hawezi kusaliti. Philby aliletwa na watu wa kuaminika.

Kuhusu malipo sioni ubishi mkubwa. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam reli ina zaidi ya kilomita 1,200. Mwenye mkopo hupata fedha za mafunzo kwa vitendo, asiye na mkopo hujitegemea, na fildi isiyolipwa katika ofisi za makao makuu huishia kwa mwenye mjomba Dodoma au shangazi Sinza. Idara inayotaka kuijua nchi nzima haiwezi kuchota vijana wake kutoka kata chache za mjini.

Hoja kwamba mwanafunzi hawezi kuaminiwa siri ina uzito, lakini mara nyingi hutolewa na watu waliokwisha kumwaminia bila kufikiri. Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora, ambacho wazee bado wanakiita Chuo cha Uhazili, huwafundisha vijana kazi ambazo zitawaweka karibu na siri za ofisi maisha yao yote. Mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, nilifanya fildi katika ofisi moja ya umma. Siku ya tatu mhazili aliugua, nikakabidhiwa ufunguo wa masijala ya siri: chumba chenye dirisha la nondo, kabati la chuma, na majalada yaliyopigwa mhuri wa SIRI kwa wino mwekundu. Hakuna aliyenipekua, hakuna aliyenilipa, na chakula cha mchana nilikula kwa mkopo kwa mama ntilie. Sikusoma jalada lolote (nilisoma moja, lilihusu magodoro). Kijana anayelipwa, aliyepekuliwa na kula kiapo, ana sababu nyingi zaidi za kufunga mdomo kuliko nilivyokuwa nazo.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili inahusu chuo chenyewe. Mwanafunzi aliyelipwa na idara kuanzia mwezi wa saba hadi wa tisa hurudi bwenini mwezi wa kumi, na hapo ndipo wenzake wataanza kuhesabu. Kama analipwa kutafsiri nyaraka au kuandika programu za kompyuta, hakuna ubaya. Kama kuna hata tetesi kwamba analipwa kusikiliza nani alisema nini kwenye mkutano wa serikali ya wanafunzi, mkutano huo umekufa. Mwaka 1967 jarida la Ramparts lilifichua kwamba CIA ilikuwa ikifadhili kwa siri umoja wa kitaifa wa wanafunzi wa Marekani. Viongozi wachache walijua, wanachama wengi hawakujua, na doa likawapata wote. Sheria ya Idara yetu, ilipotungwa mwaka 1996, ilitamka kwamba si kazi yake kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki maandamano au upinzani halali. Sentensi hiyo ingepaswa kuandikwa upya ndani ya mkataba wa kila mwanafunzi, kwa maneno mepesi, pamoja na katazo la kumtuma dhidi ya wanafunzi wenzake.

Tuseme hayo yote yamekubaliwa. Linabaki la upekuzi, na hapa ndipo Kigoma inapotofautiana na mikoa mingine. Asubuhi moja pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa mjini Kigoma, nilimwona binti anayesoma chuo Tabora akimsaidia mama yake kuuza dagaa. Mteja kutoka Kongo alitaja bei kwa Kifaransa, mpagazi akajibu kwa Kirundi, mama akanung'unika kwa Kiha, binti akayapatanisha yote kwa Kiswahili huku akihesabu noti kwa kidole gumba. Ukanda wa Ziwa Tanganyika hauna mtu anayefaa zaidi kwa idara ya ujasusi. Lakini mama yake mkubwa ameolewa Rumonge, upande wa Burundi, na Muha yeyote anajua swali linalofuata: wewe ni wa huku kweli? Wa Ulyankulu, makazi ya zamani ya wakimbizi wa Burundi mkoani Tabora, wana mtihani mgumu zaidi. Serikali iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa asili ya Burundi waliokimbilia nchini mwaka 1972 pamoja na watoto wao, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014, lakini cheti hakifuti jina la babu kwenye fomu ya upekuzi.

Sidai kwamba ndugu wa ng'ambo wasiulizwe. Idara isiyouliza haifai kuwepo. Ninachoangalia ni nini humpata aliyeangushwa. Marekani, amri ya Rais Bill Clinton ya mwaka 1995 inataka anayenyimwa kibali cha kuona siri apewe sababu kwa maandishi, kadiri usalama unavyoruhusu, na nafasi ya kukata rufaa. Kwetu, kijana wa Buhigwe anaweza kusubiri hadi likizo iishe bila kusikia neno, ilhali balozi wa nyumba kumi, jirani na mwenye duka wanajua kwamba watu walikuja kumuulizia, nao watajimalizia hadithi wenyewe. Kabla hatujabishana kama malipo yawe laki mbili au tatu kwa mwezi, tangazo lieleze mwombaji aliyekataliwa atajibiwa na nani, na ndani ya siku ngapi.