Ngumi Isiyo na Sauti Haiumi

Kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea filamu, cha kwetu Kirumba, Mwanza, kilikuwa na mabenchi sita, televisheni moja ya chogo na spika mbili zilizofunikwa kitenge kuukuu kwa ajili ya vumbi. Siku moja, katikati ya pambano la mwisho, spika zote mbili zikakata. Picha ikaendelea. Steringi akarusha teke, adui akaangukia meza ikavunjika, nasi tukawa tunatazama tu, kama vile watu wanahamisha vyombo vya nyumba. Jamaa mmoja aliyekuwa amesimama kwa msisimko akaketi.

Ndipo mtoto wa benchi la mbele akaanza: tishi! tishi! Mwingine akadakia. Punde kukawa na mtu wa kugumia kwa niaba ya adui, na mtu wa kupiga benchi kila kitu kilipovunjika. Pambano likafufuka. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na bado adui tulimwogopa vilevile. Nilikuwa na miaka 12, na tangu siku ile nikitazama filamu ya mapigano natanguliza sikio.

Watu wa Hong Kong walilijua hilo zamani. Kwa miaka mingi filamu zao nyingi zilipigwa picha bila kunasa sauti papo hapo. Maneno, kishindo cha ngumi, mvumo wa mguu hewani, vyote viliwekwa baadaye studio. Ndiyo maana ngumi ya Hong Kong inalia kuliko ngumi yoyote ya mtaani. Wapo wanaosema huo ni uongo. Mimi nasema ni ukweli wa aina nyingine: sauti ile haituelezi ngumi imelia vipi, inatueleza imeuma kiasi gani.

Mtazame Jackie Chan. Alilelewa Hong Kong katika shule ya opera ya Kichina, ambako ngoma na matoazi hufuata kila mruko wa mchezaji, na mapigano yake yote yana mdundo huo. Pigo, pigo, kituo. Pigo, kituo. Halafu ndani ya kituo anakung'uta mkono kwa sababu umemuuma. Hapo tunacheka, na hapo hapo tunaamini kwamba ule mkono ni nyama na mifupa. Katika Police Story ya mwaka 1985 anateremka kwa nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya jengo la maduka, taa zikipasuka njia nzima, na viganja vyake viliungua kwelikweli. Kibandani kwetu watu walishika vichwa. Angekuwa shujaa asiyeumia tangu mwanzo, nani angeshika kichwa?

Sasa nije kwenye mianzo ya filamu, maana hapo ndipo roho inaponiuma zaidi.

Mfano ninaoupenda ni Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981. Mtu anaingia pangoni kuchukua sanamu ya dhahabu, jiwe kubwa la mviringo linamporomokea, anakimbia kuokoa maisha. Sisi wa Mwanza mawe tunayajua. Kuna nyumba kule Mabatini zimeegemea miamba mikubwa kuliko zenyewe. Nilipolisikia jiwe lile likiviringika nilihisi uzito wake kifuani. Kumbe jiwe lenyewe lilikuwa la kutengenezwa, na mngurumo wake fundi wa sauti Ben Burtt aliupata kwa kunasa gari dogo, Honda Civic, likiteremka kwenye mteremko wa kokoto. Nyoka wanaokuja baadaye katika filamu hiyo? Sauti yao ya kuteleza ni vidole vyake vikichezea chakula cha jibini. Hayo hayahitaji utajiri, yanahitaji sikio.

Na mwanzo ule unamalizika kwa kicheko. Mtu aliyekimbia mauti anapanda ndege ndogo, anakuta nyoka miguuni mwake, na kumbe nyoka ndio kitu asichokiweza kabisa. Sauti ya jiwe imetuonyesha hatari, yule nyoka akatuonyesha mtu. Kwa dakika zile chache tumekwishakuwa upande wake mpaka mwisho.

Wasukuma hawahitaji kufundishwa hili. Bagika na Bagalu, vyama vyao viwili vya ngoma, wanaposhindana baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Fikiria ugumu wake: mtazamaji yuko huru kuondoka sekunde yoyote, na ngoma ya mpinzani inamwita hapo jirani. Kwa hiyo ngoma inapigwa imsimamishe mpita njia, kisha kinafuata kituko cha kumbakiza: sarakasi, sanamu ya mbao, chatu shingoni mwa mchezaji anayejifanya ameogopa. Ngoma kwanza, kicheko kikifuatia, na umati unahama.

Halafu nazitazama filamu nyingi za vijana wetu hapa jijini. Droni inapita juu ya Bismarck Rock, lile jiwe letu la ziwani, majina yanapita, muziki wa kinanda cha kompyuta unalia dakika nne bila kupumua. Kisha mapigano, na muziki uleule juu yake, kiasi kwamba hata kofi hulisikii. Mchekeshaji naye analetwa pembeni na suruali yake ya kupanda kifuani, anachekesha, anaondoka. Steringi mwenyewe hachekeshi, hajikwai, haumii. Nawapenda vijana hawa na najua wanafanya kazi kwa fedha za mfukoni. Ndiyo maana nasema: muziki ule uzimwe, na kicheko apewe steringi.

Watafsiri wa vibandani, wale wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake, nawaheshimu sana. Ndio walioleta kicheko ndani ya mapigano kwa Kiswahili chetu, mpaka adui wa Hong Kong akawa anatokea Igoma na kudaiwa nauli Buzuruga. Ila nao wakati mwingine huongea juu ya ukimya ambao filamu iliuandaa kwa uangalifu, na ngumi inayofuata inakosa pa kutua.

Mwezi uliopita kijana mmoja anayeandaa filamu fupi ya wavuvi aliniomba ushauri wa muziki wa mwanzo. Nikamchukua alfajiri mpaka soko la samaki la Mwaloni tukiwa na simu na kipaza sauti kidogo. Tulinasa injini ya mtumbwi ikikataa kuwaka mara tatu, na mwenye mtumbwi akiibembeleza kama mke aliyenuna. Tulinasa dagaa wakavu wakimiminwa kwenye gunia, sauti kama mvua nyepesi inayoanza juu ya bati. Mzee mmoja alikuwa bado na karabai ya zamani. Akaiwasha kwa ajili yetu, tukasogeza kipaza sauti karibu na ule mfoko wake.

Kijana alivaa visikilizi, akafumba macho. Akarudisha nyuma akasikiliza tena: giza, karabai inafoka, injini inakataa, mwenye mtumbwi anabembeleza, mtu anacheka mbali majini. Akanigeukia akaniuliza kama mzee yule angekubali kuizima karabai ghafla, ili tunase na kimya chake.