Kufaili kodi onlaini sawa, ila mlango wa karatasi mnaufunga wa nini?

Kila msimu wa ritani, yaani ile taarifa ya kodi unayojaza na kuipeleka kwa mamlaka, ukifika mjadala ni uleule. Mtu analalamika kwamba analazimishwa kufaili kodi onlaini tu, fomu ya karatasi haipati tena, anajibiwa amka wewe, dunia imeenda, kama si mvivu wa kujifunza basi kuna kitu unaficha. Mi mwenyewe nafaili onlaini na sina mpango wa kurudi kwenye makaratasi, ila hayo majibu yananikera maana hayajibu kilichosemwa. Aliyelalamika hajasema karatasi ni nzuri kuliko kompyuta, amesema kompyuta ikimgomea hana pa kwenda.

Tuanze na upande wa serikali, maana wana hoja na sio ya kubeza. Karatasi ni mzigo kwelikweli. Marekani wakati wa korona mamlaka yao ya kodi, IRS, ilifunga ofisi, bahasha zikarundikana, na hadi 2022 wafanyakazi walikuwa bado wanakaa wanachapa namba kutoka kwenye fomu kuziingiza kwenye kompyuta, tarakimu moja moja, huku mtu anayedai arudishiwe kodi aliyolipa zaidi anasubiri miezi na miezi. Aliyefaili kielektroniki bila tatizo kwa kawaida anapata chake ndani ya siku 21. Kuchapa fomu kwa mkono ni gharama na gharama hiyo inatoka kwenye kodi hiyohiyo tunayolipa. Ongeza na kwamba kwenye ofisi ambazo kaunta ilikuwa ndo sehemu ya kuombwa chai, mashine haiombi chai. Hilo peke yake linatosha kuwafanya watu wengi wasitake kusikia habari ya foleni tena, na siwalaumu.

Halafu kuna ile takwimu inayopendwa sana, ambayo IRS wenyewe wamekuwa wakiitoa, kwamba ritani za karatasi zina makosa karibu asilimia 21 na za kielektroniki chini ya asilimia 1. Ukiisikia mara ya kwanza unaona kesi imeisha. Sasa itazame taratibu. Sehemu ya tofauti hiyo ni faida ya kweli, programu inakujumlishia yenyewe, haikuachi uandike jumla ambayo haipo, haikuachi usahau kisanduku. Hapo sibishi. Lakini karatasi ikishafika ofisini inachapwa na mtu, na mtu anayechapa fomu kutwa nzima anakosea pia, na likishaingia kwenye rekodi sio rahisi mlipakodi kujua kosa lilianzia kwake au kwa mchapaji. Na kubwa zaidi, ritani ya kielektroniki yenye aina fulani za kasoro haiingii kabisa, inarudishwa mlangoni. Kwa hiyo mnahesabu makosa ya waliopita getini halafu mnashangaa walio ndani wote wasafi. Wale waliogomewa wako wapi kwenye hiyo asilimia 1? Hawapo, kwa mfumo ni kama hawakuja.

Mi naona utata wote uko hapo na ndo sehemu ambayo watetezi wa onlaini huwa wanairuka. Ukipeleka karatasi mezani ikagongwa muhuri, umefaili. Inaweza kuwa na makosa, utaandikiwa barua, utaitwa, utajieleza, ila tarehe yako ipo na hakuna wa kukunyang'anya. Marekani sheria inasema hata muhuri wa posta unatosha, bahasha ikigongwa kabla ya siku ya mwisho unahesabika umewahi hata kama imefika wiki moja baadaye. Kwenye kompyuta ukibonyeza tuma, mfumo unakagua, usipopenda kitu kimoja tu unakurudishia na ritani inahesabika haijawasilishwa. Yaani karatasi inapokelewa kwanza ndo inabishaniwa, kompyuta inabisha kwanza ndo ipokee ikitaka.

Na sababu za kugoma sio lazima ziwe kosa lako. Chukua hii ya Marekani. Wazazi wametengana, mtoto anaishi na mama, sheria inampa mama haki ya kumweka kama tegemezi kwenye ritani, na hilo linampunguzia kodi. Baba anawahi, anafaili mwezi mmoja kabla, anamweka yeye. Mama akituma ya kwake inarudi na msimbo R0000-507-01, maana yake namba ya utambulisho ya huyu mtoto imeshatumika kwenye ritani nyingine. Mfumo haujui nani ana haki, unajua nani katangulia, basi. Sasa huyu mama afanyeje? Afute jina la mtoto wake ndo fomu ikubali? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa aprinti, asaini, aitume kwa posta, kisha IRS iwaulize wote wawili na iamue. Ni kuanzia msimu wa 2025 ndo walianza kupokea kielektroniki ritani ya namna hiyo, tena kwa masharti kwamba uwe na namba maalumu ya siri wanayokupa wao. Miaka yote hiyo mwenye haki aliyechelewa kubonyeza alikuwa anaokolewa na bahasha.

Wamarekani kwa kweli hapo wamefanya jambo la akili ambalo wengine wanaonakili mfumo wanalisahau. Ritani yako ikigomewa karibu na siku ya mwisho wanakupa siku 5 za kurekebisha na kutuma tena, na ikishindikana una siku 10 tangu igomewe kuipeleka kwa karatasi na utahesabika uliwahi. Karatasi pale imebaki kama mlango wa dharura wa hiyo mashine. Na hakuna aliyeilazimisha familia ya kawaida iache karatasi, anayejifanyia ritani yake mwenyewe ana uhuru wa kuchagua, wanaobanwa ni wahasibu wanaowafanyia watu ritani zaidi ya 10, na hata hao mteja akikataa anaweza kupewa fomu yake akaituma mwenyewe. Pamoja na uhuru huo zaidi ya asilimia 90 ya ritani za watu binafsi zinaenda kielektroniki. Sasa kama walipakodi wenyewe wanahama hivyo bila kufungiwa mlango, kufunga mlango kunamlenga nani? Kunamlenga yule aliyebaki, na aliyebaki mara nyingi ana sababu yake.

Uingereza walijifunza kwa kuburutwa mbele ya baraza la rufaa za kodi. Kufikia 2012 karibu kila mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, alitakiwa kufaili onlaini tu. Wafanyabiashara wadogo wakakata rufaa, kati yao walikuwepo wenye umri mkubwa, wenye ulemavu, na anayeishi sehemu ambayo intaneti ni ya kubahatisha, na mwaka 2013 wakashinda, baraza likasema kanuni zile zinavunja haki zao za binadamu. Kilichonishangaza mi ni orodha ya misamaha iliyokuwepo kabla ya hapo. Ukiwa na imani ya dini isiyoruhusu kompyuta, umesamehewa. Ukiwa umefilisika, umesamehewa. Ukiwa mzee ambaye mikono haishiki mausi, hapana, utajua mwenyewe. Kulikuwa na utaratibu wa kufaili kwa simu lakini haukutangazwa, sasa sijui mtu angeuombaje. Baada ya hukumu ndo umri, ulemavu na umbali vikaingizwa kwenye kanuni. Na rufaa yao haikuwa ya kukwepa kodi, ilikuwa ya njia ya kufaili.

Haya, utasikia mtu anasema hao ni wachache, wataenda kwa mtu awasaidie. Wachache kwa nchi gani? Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, lilikadiria 2024 kwamba watu bilioni 2.6 duniani hawatumii intaneti. Sio wote walipakodi wa moja kwa moja, najua, ila wigo wa kodi unavyopanuliwa kila mwaka kutafuta wafanyabiashara wadogo ndo unazidi kuwaelekea watu haohao. Na huko kwenda kwa mtu awasaidie kunamaanisha nini kiutendaji? Kunamaanisha kumpa mtu usiyemjua namba yako ya mlipakodi na paswedi, anaingia kwenye akaunti yako, anajaza anavyojua yeye, barua pepe anaweka ya kwake kwa sababu wewe huna, mwakani ukitaka kubadilisha paswedi meseji zote zinaenda kwake. Serikali imepunguza mtu wa kaunta mwenye kitambulisho cha kazi, ikamweka badala yake mtu asiye na dhamana yoyote, na gharama yake unalipa wewe.

Hata mwenye kompyuta hajaponyoka. Kenya kwenye iTax, mfumo wao wa kodi wa onlaini, mtu mwenye kipato zaidi ya mshahara anapakua fomu ya Excel, anaruhusu makro, vijiprogramu vilivyomo ndani ya fomu, anajaza kurasa kibao, anabonyeza ihakikiwe, ikipita inatengeneza faili la zip, hilo ndo analipakia kwenye mfumo kabla ya 30 Juni. Kwa mhasibu ni kazi ya kawaida tu. Kwa mwenye simu tu hiyo fomu haifunguki inavyotakiwa, na hii ni sehemu ya dunia ambayo watu wengi intaneti wanaijua kwa simu. Wametengeneza njia fupi kwa wenye mshahara tu na wasio na kipato, hongera zao, ila mwenye kaduka na chumba cha kupangisha amebaki na makro zake.

Kuna na hili la programu za kulipia, ambalo mi naliona ndo kufungiwa mlango hasa. Marekani mwaka 2002 IRS iliingia makubaliano na kampuni za programu kwamba wao watoe huduma ya bure kwa wenye kipato cha chini na cha kati, na IRS isitengeneze ya kwake ya kushindana nao. Kifungu hicho cha kutoshindana kikaja kuondolewa 2019, wakajaribu mfumo wao wenyewe, Direct File, majimbo 12 mwaka 2024, majimbo 25 mwaka 2025, na msimu wa 2026 haupo tena. Uingereza kuanzia Aprili 2026 aliyejiajiri au mwenye nyumba ya kupangisha anayeingiza zaidi ya pauni 50,000 anatakiwa atunze rekodi kidijitali na kutuma taarifa kila robo mwaka kupitia programu, kiwango kitashuka hadi 30,000 mwaka 2027 na 20,000 mwaka 2028, na mamlaka yenyewe haitoi programu, nenda sokoni ukachague, za bure zipo lakini sio kwa kila hali. Fomu ya karatasi ilikuwa na kalamu tu. Kutimiza wajibu wa kisheria sasa kunapitia kwa muuzaji, na huyo muuzaji akipandisha bei au akifunga biashara, tarehe yako ya mwisho haisogei.

Sisemi kila ofisi ifufue kaunta. Karatasi ikibaki kwa anayeitaka, ipewe hata tarehe ya mapema kama Uingereza wanavyofanya kwa ritani za watu binafsi, karatasi mwisho 31 Oktoba, onlaini 31 Januari, miezi mitatu ya tofauti inafidia kazi ya kuchapa na mtu anachagua akijua. Mfumo ukigoma, muda wa jaribio la kwanza uhesabike na sababu iandikwe kwa lugha ya watu badala ya msimbo wa herufi na namba. Na hata hiyo gharama ya kuchapa sio ya lazima kiasi hicho, Kanada wamewahi kutumia ritani zinazojazwa kwenye programu na kuprintiwa zikiwa na barcode yenye taarifa zote, ofisini wanaiskani tu, hakuna wa kuchapa tarakimu moja moja, na mtetezi wa walipakodi ndani ya IRS aliwashauri wenzake teknolojia hiyohiyo wakati bahasha zimejaa. Teknolojia ya kusoma karatasi kwa mashine ilikuwepo zamani, kwa hiyo anayekwambia ni ama onlaini tu ama milima ya bahasha, muulize skana ameiweka wapi.